Maswali Yenu kuhusu Wanafunzi wa Afya Wanaoletwa Vijijini

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuandikie kuhusu utaratibu wa vyuo vya afya kuwapeleka wanafunzi wao kuishi na kujifunza vijijini na mitaani, mbali na wodi za hospitali kubwa. Barua zilizotufikia zimetoka kwa wazazi, wanafunzi, viongozi wa vijiji na watumishi wa zahanati, na baadhi yake ni kali. Zinazofanana tumeziunganisha, majina tumeyaacha kwa ombi la wenyewe, na anayejibu ni mwalimu wa safu yetu ya afya ya jamii.

Swali: Mwalimu, mwanangu yuko mwaka wa pili wa shahada ya udaktari. Ada yake tunailipa kwa kuuza ng'ombe, na sasa chuo kimempeleka kijijini kwa wiki kadhaa, anapima watoto uzito na kuuliza watu habari za vyoo. Mimi nilijua udaktari unafundishwa hospitalini, penye wagonjwa na madaktari bingwa. Je, hapotezewi muda? *Mama wa mwanafunzi, Singida*

Jibu: Mama, uchungu wako naufahamu, maana ada ya udaktari si mchezo. Naomba tu tutazame kwanza mgonjwa anayeonekana katika hospitali ya rufaa ni nani. Ni yule aliyekwisha kupita zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, aliyepata nauli, aliyeruhusiwa na mwenye kauli nyumbani, na ambaye ugonjwa haukummaliza njiani. Mwanafunzi anayefundishwa kwa wagonjwa wa namna hiyo peke yao huuona ugonjwa ukiwa umefika ukingoni, na akihitimu hivyo atafanya kazi maisha yake yote bila kujua ulianzia wapi na ungeweza kuzuiwa lini.

Chukua kadi ya kliniki ya mtoto. Wodini, mtoto wa mwaka mmoja akiletwa na surua, daktari huifungua kadi, huona nafasi ya chanjo ya surua na rubella ya miezi tisa iko wazi, na neno la kwanza linalotamkwa ni kwamba mama ni mzembe. Mwanafunzi anayekaa kwenye mkeka na mama wa namna hiyo, akaisoma kadi pamoja naye bila haraka, anaweza kupata habari tofauti kabisa. Mama alikwenda zahanati mtoto alipotimiza miezi tisa, lakini siku hiyo walikuwapo watoto wawili tu. Chupa ya chanjo hiyo ina dozi kumi na ikishachanganywa haifai tena baada ya saa sita, hivyo muuguzi, kwa kuogopa kumwaga dozi nane na kuulizwa na wilaya, alimwambia arudi siku ya kliniki. Siku ya kliniki ikagongana na siku ya mnada, juma lililofuata palizi ikaanza, na zahanati iko mwendo wa saa mbili kwa miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kama aliyekuja ni mtoto mmoja, kwa kuwa mtoto anayerudishwa huenda asirudi tena, ila muuguzi huyo aliogopa hesabu za stoo kuliko surua. Mwanafunzi aliyeyasikia hayo kwa masikio yake amejifunza jinsi ghala, umbali, msimu wa kilimo na woga wa mtumishi vinavyokutana juu ya mtoto mmoja, na hakuna hotuba ya darasani itakayomfundisha hivyo.

Jambo hili wala halikubuniwa jana. Mwaka 1940 daktari Sidney Kark na mkewe Emily, naye daktari, walianzisha kituo cha afya huko Pholela, Afrika Kusini, ambako watumishi walipita nyumba kwa nyumba ili wajue watu wanakula nini na wanaugua nini, ndipo huduma ikapangwa kwa kufuata walichokiona. Huku kwetu, Makerere ilikuwa na kituo chake cha kufundishia huko Kasangati, nje kidogo ya Kampala, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Chuo Kikuu cha Ibadan nchini Nigeria kilianza mradi wake wa Ibarapa mwaka 1963. Mkutano wa kimataifa wa afya uliofanyika Alma-Ata, Kazakhstan, Septemba 1978 ulipotangaza huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya kuifikia afya kwa wote, vyuo vingi vilijikuta vinatoa wataalamu wasioijua kazi hiyo. Mwaka uliofuata vyuo kadhaa vilikutana Kingston, Jamaica, vikaunda umoja wa vyuo vinavyofundisha kwa kuielekea jamii, na mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti ya kitaalamu iliyohusu mafunzo haya peke yake. Kitivo cha sayansi za afya cha Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilijengwa juu ya msingi huohuo tangu mwanzo wake, chini ya mpango unaojulikana kwa jina la COBES, yaani mafunzo na huduma ndani ya jamii, na Makerere nayo ikaugeuza mtaala wake kuelekea huko mwaka 2003.

Hata hivyo, nakubaliana nawe kwa jambo moja. Wiki za kijijini zikiandaliwa ovyo huwa ni kupoteza muda kweli, na zipo nyingi za namna hiyo. Mwanao akirudi, muulize nani alikuwa akimsimamia na mara ngapi alifika, walitakiwa watoe kitu gani mwishoni, na kama walisimama mbele ya wanakijiji kueleza walichokiona. Akikujibu kwamba msimamizi alikuja siku ya kwanza na ya mwisho, kisha ripoti ikapelekwa chuoni moja kwa moja, basi andikeni malalamiko chuoni wewe na wazazi wenzako, na mtakuwa na haki.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya uuguzi. Mwezi ujao kikundi chetu kinakwenda fildi kuchunguza hali ya afya ya kijiji. Waliotutangulia wanasema watu huwakwepa, au hujibu kile wanachodhani mnataka kukisikia. Tufanyeje tuupate ukweli? *Mwanafunzi, Mbeya*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Anzeni kwa kupita ngazi zote, hata kama zinachosha: barua ya chuo ifike kwa mkurugenzi wa halmashauri na mganga mkuu wa wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na mwisho kwa mwenyekiti wa kila kitongoji. Mgeni asiyejulikana na mtendaji hukaribishwa uji na kunyimwa habari. Mtu wa kuwafikisha nyumbani kwa watu awe mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa kuwa huyo huingia nyumba hizo mwaka mzima. Ila akishawatambulisha, mwombeni kwa adabu akae kando. Katika vijiji vingi zipo sheria ndogo zinazomtoza faini asiye na choo, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema hana choo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji aliyesimama na daftari mkononi.

Uteuzi wa nyumba msiuachie miguu yenu. Kikundi kinachokwenda kikichagua nyumba kitaishia kwenye zile zilizo kando ya barabara, ambazo kwa kawaida ndizo zenye bati, redio na choo kizuri, kisha mtaandika kwamba kijiji kiko vizuri. Chukueni orodha ya kaya kwa mtendaji. Kama kaya ni 480 nanyi mnaweza kuzitembelea 60, basi mtachukua kila kaya ya nane, na ile ya kuanzia mtaipata kwa kuokota karatasi moja kati ya nane zilizokunjwa. Kaya iliyoangukiwa na hesabu msiibadilishe kwa sababu iko ng'ambo ya mto. Huenda hiyo ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Mkimkosa mwenyeji, rudini jioni. Msimu wa palizi mnaobisha hodi saa nne asubuhi mtawakuta bibi na wajukuu, na majibu yenu yote yatakuwa ya bibi na wajukuu.

Sasa tuje kwenye maswali yenyewe, ambako ndiko uongo mwingi huzaliwa, na mara nyingi kosa huwa la muulizaji. Ukimwuliza mama, "Je, mnatumia chandarua?" atajibu ndiyo, kwa sababu redio, zahanati na mabango vimekwisha kumfundisha jibu. Muulize badala yake: "Usiku wa kuamkia leo walilala watu wangapi humu ndani?" Kisha chukua jina moja baada ya jingine: huyu alilala wapi, na chandarua kilikuwapo? Hapo utasikia kwamba chandarua cha watoto kipo ila baba amekichukua kambini shambani, kwamba kingine kimefungwa kwenye sanduku kikingoja mgeni, na kwamba kijana wa miaka kumi na mitano hulala sebuleni ambako hakuna pa kukifungia. Omba kuviona, lakini omba. Usisukume pazia la chumba cha mtu. Kwa choo fanya vivyo hivyo. Njia inayokwenda chooni ikiwa imeota majani, umekwisha kujibiwa. Kwa maji, uliza ni nani aliyeyachota leo, wapi, na alitumia muda gani kwenda, kupanga foleni na kurudi, kwa kuwa neno "karibu" la mtu aliyezoea kutembea halilingani na la kwako.

Mtaona pia mambo yanayodai hatua palepale. Mnapowapima watoto wa miezi 6 hadi 59 kwa utepe wa mkono wa juu, mtoto aliye chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali, na aliye kati ya 11.5 na 12.5 ana utapiamlo wa kadiri. Mtoto ambaye utepe umeonyesha rangi nyekundu, yaani aliye chini ya 11.5, haandikwi kwenye fomu na kuachwa. Mzazi aelezwe kwa upole, apewe barua ya kwenda zahanati siku hiyohiyo, na mmoja wenu aulizie kesho yake kama alifika. Wakati huohuo kumbukeni kwamba nyinyi si waganga bado. Watu watawaonyesha vidonda, watawaomba dawa, na watawaita daktari hata mkikataa. Msitoe dawa, msichome sindano vichochoroni, na msimwambie mtu ugonjwa wake kwa kumwangalia machoni. Kujua kusema "twende zahanati, nitakusindikiza" ni sehemu ya mtihani wenu.

Mkimaliza kukusanya takwimu, msikimbilie kompyuta kuamua tatizo kubwa la kijiji ni lipi. Iteni wanawake, wanaume na vijana, kila kundi peke yake. Yachoreni chini matatizo mliyoyaona, wapeni kila mmoja punje kumi za mahindi, na kila mtu aziweke penye jambo linalomsumbua zaidi. Wanafunzi wengi hufika wakiwa wameshaandika kichwa cha ripoti kuhusu malaria, halafu punje za wanawake zinalundikana kwenye kisima. Hapo msitafute hila ya kuwarudisha kwenye malaria.

Swali: Kijiji chetu kimepokea wanafunzi wa chuo kimoja miaka mingi sasa. Kila mwaka wanakuja wapya, wanauliza maswali yaleyale ya watoto, vyoo na vyandarua, wanapiga picha na mwenyekiti, wanaondoka. Hatujawahi kuona karatasi hata moja ikirudi. Wananchi wameanza kuniuliza wanafaidika na nini, nami sina jibu. Je, nikatae kuwapokea? *Mwenyekiti wa kijiji, Kilosa*

Jibu: Ndugu Mwenyekiti, barua yako ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote, na sitakitetea chuo. Kijiji kinachotoa muda wa watu wake, siri za nyumba zao na mahali pa kulala wageni kinafanya kazi ya ualimu bila malipo. Chuo kinachoondoka na ripoti bila kuirudisha kimechukua mali ya watu. Lakini kukataa kutawaadhibu wanafunzi ambao hawakuupanga utaratibu huo, na kutakunyima wewe kitu ambacho kijiji chako kinakihitaji. Nakushauri uweke masharti, na uyaweke kabla basi la chuo halijafika, kwa maandishi, yakiwa yamejadiliwa na halmashauri ya kijiji.

Sharti la kwanza liwe mrejesho. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na chuo kinaweza kupanga ratiba yake kwa kuufuata badala ya kukutaka uitishe mkutano wa dharura. Wanafunzi wasimame hapo, waseme kwa Kiswahili cha kawaida kaya ngapi walizitembelea, walikuta nini, na nini hawakukipata. Wananchi wawahoji. Nimehudhuria mikutano ya namna hiyo, na niseme ukweli kwamba mtihani wa mdomo chuoni ni laini ukilinganisha na mzee mmoja anayesimama nyuma na kuuliza, "Kijana, hizo nyumba sitini ulizohesabu, ya kwangu imo? Na kama haimo, unanisemea vipi?" Mwanafunzi atakayeweza kumweleza mzee huyo maana ya sampuli bila kumdharau ameielewa takwimu.

Sharti la pili ni nakala ya ripoti, pamoja na muhtasari wa kurasa mbili au tatu kwa Kiswahili, ibaki katika ofisi ya kijiji na nyingine zahanati. Wewe na kamati ya zahanati mna matumizi nayo. Halmashauri huandaa kila mwaka mpango kabambe wa afya, na vijiji huibua vipaumbele vyao kwa utaratibu wa kupanga unaoitwa "fursa na vikwazo kwa maendeleo". Kijiji kinachopeleka maombi ya kisima kikiwa na hesabu ya kaya, umbali na muda wa kuchota maji husikilizwa tofauti na kinachosema tu "tuna shida kubwa ya maji". Takwimu hizo wanafunzi wako walikuwa nazo kila mwaka na zikaenda kulala kabatini chuoni.

Sharti la tatu ni kwamba wa mwaka huu waanzie pale walipoishia wa mwaka jana. Kuuliza maswali yaleyale kila mwaka kuna maana iwapo tu majibu yanalinganishwa. Vinginevyo ni usumbufu. Kama kundi la kwanza lilikuta vyoo vingi havina mahali pa kunawia mikono, kundi la pili lije na wananchi kutengeneza vibuyu chirizi katika kitongoji kimoja, na la tatu lihesabu vingapi vingali na maji na sabuni baada ya mwaka. Jambo dogo, ila linaonekana. Huko Iringa, katika mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983, nguvu ilitoka hapohapo: watoto walipimwa kijijini, matokeo yakajadiliwa kijijini, na hatua zikaamuliwa na wanakijiji kabla takwimu hazijapanda ngazi za juu.

Usiogope kwamba chuo kitahama kwa sababu ya masharti. Chuo chenye nia ya kufundisha kitakushukuru, na kile kitakachokasirika kwa kuombwa nakala ya ripoti, kiache kiende.

Swali: Mimi ni muuguzi mfawidhi wa zahanati. Tupo watumishi wawili na tunaletewa wanafunzi wanane kwa pamoja, wa vyuo tofauti. Nawasimamia vipi huku foleni ya wagonjwa inaningoja? *Muuguzi, Bukombe*

Jibu: Dada, wanane kwa watumishi wawili ni wengi mno, na una haki ya kumwandikia mganga mkuu wa wilaya kwamba vyuo vipangiwe zamu. Hadi hapo watakapokusikia, usijaribu kuwa na wote chumbani. Wawili wabaki nawe kwa wagonjwa, wawili wawe kliniki ya mama na mtoto, wawili wafuatane na mhudumu wa afya ngazi ya jamii vitongojini, na wawili wakae na vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya, kesho wazunguke.

Hao wa vitabuni usiwafanye makarani wa kukujazia taarifa ya mwezi, ingawa najua kishawishi ni kikubwa ifikapo mwisho wa mwezi. Wape swali. Wachukue kitabu namba 6 cha wajawazito na kitabu namba 12 cha waliojifungua, watazame wangapi walioanza kliniki hapo walijifungulia hapo, na wale wasioonekana wanatoka kitongoji gani. Wenzao wa vitongojini waende kuuliza kwa nini. Baada ya juma moja utakuwa umepata jibu ambalo wewe mwenyewe hukuwa na nafasi ya kulitafuta, na wao watakuwa wameelewa kwamba tarakimu inayosomwa wizarani huanzia kwenye kalamu ya mtu aliyechoka. Na daftari zao za mafunzo usizisaini kwa mkupuo siku ya mwisho. Saini kile ulichokiona kikifanyika, hata kama watanuna.

Swali: Wanafunzi walipita kwetu, wakampima mwanangu wakasema ana utapiamlo, wakampiga picha. Baadaye jirani alinionyesha picha hiyo kwenye simu, iko mtandaoni na maneno ya huruma. Niliona aibu sana. *Mama, Tanga*

Jibu: Pole sana, dada yangu. Ulichotendewa ni makosa, wala hukustahili aibu yoyote. Ruhusa ya kumpima mtoto si ruhusa ya kumpiga picha, na ruhusa ya kumpiga picha si ruhusa ya kuisambaza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Taarifa za afya na za watoto ni miongoni mwa zinazohitaji ulinzi wa juu. Nenda kwa mtendaji wa kijiji akutafutie barua iliyowatambulisha wanafunzi hao, kwa kuwa humo mna jina la chuo, kisha andikeni pamoja kutaka picha iondolewe. Msipojibiwa, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko.

Kwa wanafunzi wanaosoma hapa: simu zibaki mfukoni mkiwa ndani ya nyumba za watu. Kama ripoti inahitaji picha, pigeni picha ya kisima.

Swali: Hapa kwetu wanafunzi wa udaktari, uuguzi na fani nyingine wamekuwa wakiletwa vijijini kwa zaidi ya miaka thelathini. Mbona zahanati za mbali bado hazina watu? *Msomaji, Uasin Gishu*

Jibu: Kwa sababu wiki chache za kijijini haziwezi kubeba mzigo wa mshahara, nyumba, barabara na shule ya watoto. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake mwaka 2010 kuhusu kuwavuta na kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, liliitaja fildi ya vijijini kama hatua mojawapo, sambamba na kudahili wanafunzi waliokulia vijijini, kujenga vyuo nje ya miji mikuu, na kuboresha maisha na kazi ya mtumishi. Hilo la udahili lina ushahidi mzito zaidi: kijana aliyetoka kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi kijijini. Kwa hiyo chuo kinachojivunia fildi yake huku kikidahili takriban wote kutoka shule chache za mjini kinafanya nusu ya kazi.

Fildi inachoweza kufanya ni kuondoa hofu. Wapo vijana waliozaliwa na kukulia mjini ambao hawajawahi kulala pasipo na umeme, na huamini kuwa kupangiwa wilaya ya mbali ni adhabu. Baadhi yao hubadilika wakishakaa huko, na wengine hupata uhakika kwamba hawataki. Kumjua mapema asiyetaka nako kuna faida, ingawa maofisa wa ajira hawapendi kulisikia hilo.

Swali: Tumepangiwa eneo ambalo wazee wengi hawazungumzi Kiswahili vizuri, nasi hatujui Kimasai. Mkalimani awe nani? *Mwanafunzi, Dodoma*

Jibu: Asiwe mtoto wa nyumba hiyo, hata kama anasoma sekondari na anajua lugha zote mbili vizuri. Mtoto hatamtafsiria mama yake swali la uzazi wa mpango au la mimba iliyoharibika, na akilitafsiri atakuwa amebeba jambo lisilo la umri wake. Asiwe mume wakati mnazungumza na mke. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anafaa, na awe mwanamke kwa maswali ya wanawake; kaeni naye siku nzima kabla ya kuanza, mpitie swali moja baada ya jingine, aseme kwa Kimasai, kisha mtu mwingine asiyeyajua maswali yenu ayarudishe kwa Kiswahili ili mwone yamebaki vilevile au yamegeuka. Mnapouliza, mtazameni mwenyeji na si mkalimani, na sentensi ziwe fupi. Mkalimani akizungumza dakika tano na kuwarudishia "amesema hapana", mwombeni awaeleze zile dakika tano. Na posho yake iwekwe katika bajeti ya chuo tangu mwanzo, isichangwe na wanafunzi siku ya kuondoka.